Pima ya Nani? Historia Fupi ya Kumpima Mtoto Mdogo

Wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, wanachama watatu wa chama chetu tulikaribishwa chai kwa dada mmoja wa Mombasa anayekaa Al Rigga, si mbali na kituo cha metro. Mwanawe ana miaka minne. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amempeleka kwenye usaili wa chekechea katika shule moja ya binafsi, ambayo hatutaitaja. Mtoto aliketishwa peke yake mbele ya mwalimu asiyemjua, akaonyeshwa picha za rangi, maumbo na wanyama, na kila picha akaulizwa kwa Kiingereza. Dakika kumi zilipita hajafungua mdomo. Mama alirudi na karatasi iliyosema kwamba mtoto ana dalili za kuchelewa kusema. Tena akapewa na ushauri wa mdomo: nyumbani waache Kiswahili, wazungumze Kiingereza kitupu.

Tulipokuwa tukiisoma karatasi ile, mtoto mwenyewe alikuwa chini ya meza akimhadithia binamu yake jinsi paka wa ghorofa ya chini alivyoingia jikoni, akabeba samaki, akafukuzwa hadi kwenye lifti. Hadithi ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Ilikuwa hata na sauti ya paka.

Dada yule akatugeukia. "Ninyi mnaosoma Kiswahili chuo kikuu, hebu niambieni: nimwachishe?"

Siku hiyo tulijikuna vichwa tu. Tukarudi maktabani, tukawauliza wahadhiri wetu, tukasoma. Insha hii ni jibu letu lililochelewa. Tumeiandika kwa njia ya historia kwa sababu tuligundua kwamba yaliyompata mtoto wa Al Rigga yalikwishawapata watoto wengi kabla yake, mahali pengi, na kwamba wako waliokwisha kuyatafutia dawa.

Kwanza, neno lenyewe

Katika Kiswahili, kabla pima haijawa kitenzi cha walimu na madaktari, ilikuwa kipimo cha urefu. Wazee wetu walihesabu hivi: shibiri mbili ni mkono mmoja, au dhiraa, mikono minne ni pima. Shibiri ni kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Mkono ni kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Pima ni mikono miwili ikinyooshwa kulia na kushoto. Ni vipimo vizuri, kwa kuwa kila mtu anatembea navyo. Lakini vina ila moja inayojulikana na kila aliyewahi kununua kitambaa: mwili unaopima ni wa nani? Mwenye mikono mirefu na mwenye mikono mifupi hawatoi pima moja. Nguo ni ile ile, iliyobadilika ni mikono.

Tunaomba msomaji ashike mfano huu, maana historia yote inayofuata ni historia ya watu waliosahau kuuliza pima ni ya nani, na ya wengine waliokumbuka kuuliza.

Chuoni

Mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na elimu ya watoto wadogo karne nyingi kabla ya chekechea. Mtoto alipelekwa chuoni, akapewa ubao, akaanza alifu kwa ujiti. Namna ya kupimwa ilikuwa moja: mtoto alikwenda mbele ya mwalimu peke yake, akasoma alichoandikiwa. Akikiweza, ubao ulifutwa, akaandikiwa kingine. Asipokiweza, alirudi nacho mpaka akiweze. Hakukuwa na siku moja ya mtihani kwa watoto wote, wala hakukuwa na wa kwanza na wa mwisho. Aliyemaliza msahafu kwa miaka miwili na aliyemaliza kwa minne wote walisherehekewa hitima. Neno tunalolitumia leo kwa shahada zetu, kuhitimu, limetoka huko.

Upande huu wa bahari mambo yalifanana. Oman na nchi jirani mtoto alisoma kwa mutawa, na alipomaliza Kurani alifanyiwa sherehe iitwayo taimina. Kutoka Al Rigga ni vituo vichache vya metro kufika Al Ras, ilipo Al Ahmadiya, shule iliyoanzishwa mwaka 1912 kwa mali ya mfanyabiashara wa lulu, Sheikh Ahmed bin Dalmouk. Leo ni makumbusho. Tulipokwenda kuiona tulisimama kwenye vyumba vile vidogo tukawaza juu ya watoto waliokaa humo kabla ya nchi hii kuwa na wizara ya elimu.

Hatusemi kwamba chuo kilikuwa pepo. Bakora ilikuwepo. Kilichopimwa kilikuwa kimoja, kukariri na kusoma kwa sauti, na mtoto asiyesikia vizuri au asiyeweza kutamka mara nyingi hakuwa na nafasi. Lakini chuo kilikuwa na jambo moja ambalo wengi walikuja kulipoteza. Kipimo kilikuwa sehemu ya kufundisha. Mwalimu alimsikiliza mtoto ili ajue amwandikie nini kesho, hakumsikiliza ili aamue kama aingie au abaki nje.

Paris, kisha Nairobi

Mwaka 1905, Alfred Binet na Théodore Simon walitengeneza huko Paris mtihani uliokuja kuwa mama wa mitihani ya akili. Nia ilikuwa njema. Ufaransa ilikuwa imelazimisha watoto wote kusoma, na walimu walihitaji njia ya kuwatambua wanaohitaji msaada wa ziada. Binet mwenyewe alikataa wazo kwamba akili ni kiasi kisichobadilika. Aliamini kwamba inaweza kukuzwa kwa mafunzo. Alifariki mwaka 1911, na waliochukua mtihani wake wakaupeleka wasikotumwa. Huko Marekani, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford aliutengeneza upya mwaka 1916, na idadi moja tu ikaanza kusimama mahali pa mtoto mzima.

Kwetu wimbi hilo lilifika likiwa na sura mbaya zaidi. Mwaka 1932, R. A. C. Oliver, aliyekuwa akitunga mitihani ya akili kwa Waafrika nchini Kenya, alichapisha katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki makala ya kulinganisha uwezo wa jamii za watu. Mwaka uliofuata, walowezi na madaktari wa Nairobi wakaunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, na vipimo vya namna hiyo vikawa hoja mikononi mwao: kwamba Mwafrika hafundishiki zaidi ya kiwango fulani, basi asipewe elimu zaidi ya hiyo. Hapa ndipo pima ya mtu mmoja ilipogeuzwa kuwa sheria ya wote. Mwanafunzi aliulizwa mambo ya nyumba ambayo hakuzaliwa, kisha akahukumiwa kwa kutoyajua.

Wazee wetu wana methali fupi kuliko makala yoyote: mcheza kwao hutunzwa.

Waliouliza upya: Kokwet, Lusaka, Bagamoyo

Katika miaka ya 1970, Sara Harkness na Charles Super walikaa Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya. Walitaka kupima lugha ya watoto wadogo kwa njia rahisi: mtoto anasimuliwa hadithi fupi, kisha anaombwa aisimulie tena. Watoto wengi walinyamaza. Hao hao, walipokuwa wakicheza wenyewe kwa wenyewe, walipiga soga bila kukoma. Mwaka 1977 watafiti hao walichapisha maelezo yao. Katika malezi ya Kokwet, maneno mengi ambayo mkubwa humwambia mtoto ni ya kumtuma au kumwamrisha, na jibu linalotakiwa ni kutenda. Mtoto kukaa mbele ya mkubwa na kumhadithia ni jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo mtihani haukupima lugha yake. Ulipima adabu yake, na kwa kipimo hicho watoto walikuwa wamefaulu.

Tuliposoma hapo tulitazamana. Ni nani kati yetu hakuambiwa utotoni kwamba mtoto hajibizani na wakubwa? Ni nani hakukonyezwa na mama mbele ya wageni ili anyamaze? Mtoto wa Al Rigga aliketishwa mbele ya mgeni mkubwa, akafanya alivyofundishwa. Na tuzingatie kwamba watoto wa Kokwet walinyamaza hata kwa lugha yao wenyewe. Kwa hiyo kutafsiri maswali peke yake hakutoshi. Mtoto anahitaji lugha yake, mtu anayemzoea, na jambo la kufanya ambalo lina maana kwake.

Jambo la kufanya lilichunguzwa vizuri na Robert Serpell, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1979 aliwalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Wote walitakiwa kuiga maumbo, lakini kwa njia tofauti. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wenzao. Kwa waya, watoto wa Lusaka ndio waliotangulia, kwa sababu kutengeneza magari na vitu vingine vya waya ulikuwa mchezo wao wa kila siku mitaani. Kwa udongo wa kufinyanga, pande zote mbili zilikaribiana. Macho na akili ni vile vile. Mtu aliyebeba karatasi tu angerudi kwao akasema watoto wa Zambia hawaoni maumbo. Aliyebeba waya tu angesema hayo hayo juu ya Waingereza.

Mfano wa tatu ni wa Bagamoyo. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya kazi na watoto wa shule za maeneo hayo, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Hao walikuwa wakubwa kidogo, wa miaka 11 hadi 13, lakini somo linawahusu hata wadogo. Watoto walipewa mtihani, kisha baadhi yao wakafundishwa kwa muda usiofika saa moja namna ya kukabili maswali ya aina ile, halafu wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda, na mpangilio wao ukabadilika sana: aliyekuwa nyuma mara ya kwanza hakuwa lazima nyuma mara ya pili. Kwa hiyo alama za mara ya kwanza zilisema machache juu ya uwezo wa mtoto kujifunza. Zilisema zaidi kama alikwisha kukutana na mchezo huo. Kumpima, kumfundisha, kumpima tena: mwalimu wa chuoni angetambua mara moja kazi yake.

Karatasi ikishaandikwa

Mtu anaweza kusema: ni usaili wa chekechea tu, mtoto atakua. Historia ya wahamiaji inakataa. Mwaka 1971, Bernard Coard, mwalimu kutoka Grenada aliyekuwa akifundisha London, alichapisha kijitabu kilichoonyesha jinsi watoto wa asili ya Karibi walivyokuwa wakipelekwa kwa wingi kupita kiasi katika shule za wanaohesabiwa kuwa na akili pungufu. Mtihani haukujali Kiingereza chao cha nyumbani wala ugeni wao, na mtoto akishaingia shule hizo ilikuwa shida kutoka. California, nako, mwaka 1970 wazazi wenye asili ya Meksiko walikwenda mahakamani katika kesi iitwayo Diana, kwa sababu watoto wao wanaozungumza Kihispania walipimwa kwa Kiingereza na kuwekwa madarasa ya wenye upungufu. Walipopimwa kwa Kihispania, wengi wao walionekana hawakustahili kuwekwa huko. Kesi iliishia kwa makubaliano kwamba watoto wapimwe kwa lugha yao pia. Mwaka 1975 sheria ya Marekani yote ikadai hivyo hivyo, na ikaongeza kwamba kipimo kimoja peke yake kisitumike kumwamulia mtoto.

Wazazi wa Kikaribi wa London hawakungoja sheria. Walifungua shule zao za Jumamosi, kwenye nyumba na kumbi, watoto wakasomeshwa na watu wanaowaelewa. Jambo hilo tutalirudia mwishoni.

Na Ghuba ina kumbukumbu yake. Baada ya mapinduzi ya 1964, familia nyingi zilitoka Zanzibar, nyingine zikaja Dubai. Baada ya 1970 wengi waliitwa Oman kuijenga nchi. Walikuja na elimu na Kiingereza, lakini wengi wao Kiarabu kilikuwa chepesi, na watoto wao walianza shule katika lugha ambayo nyumbani haikuwa ya kwanza. Kila familia ilibidi iamue Kiswahili kibaki wapi. Swali la dada wa Al Rigga, "nimwachishe?", liliwahi kuulizwa kwenye sebule nyingi za ukanda huu.

Nyumbani wamefanya nini

Afrika Mashariki yenyewe imepiga hatua ambazo hatuzisifu vya kutosha. Kuanzia mwaka 2009, mradi wa Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda uliwapeleka watu wa kujitolea majumbani kuwapima watoto kusoma na kuhesabu. Kwa kuwa walipima nyumbani, waliwaona hata watoto wasiokwenda shule. Huko Kilifi, mwaka 2008, Amina Abubakar na wenzake walichapisha kipimo cha ukuaji wa watoto wachanga na wadogo kilichotengenezwa kwa ajili ya mazingira ya pale. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ilikataza shule za umma kumpa mtoto mtihani wa kuamua aingie au asiingie, isipokuwa wa kujua tu akae darasa gani. Tanzania, lugha ya ofisi yenyewe imebadilika: kwa watoto wadogo siku hizi husemwa upimaji. Neno mtihani, kama tujuavyo, pia maana yake ni balaa.

Hapa Dubai

Dubai nayo haikulala. Sheria ya shirikisho Na. 29 ya mwaka 2006 iliwapa watu wenye ulemavu haki ya kusoma, na sheria Na. 2 ya Dubai ya mwaka 2014 ikaithibitisha. Tangu 2017 watu hao huitwa rasmi watu wenye azma. Mwaka huo huo KHDA, mamlaka inayosimamia shule za binafsi, ilitoa sera ya elimu jumuishi, na mwaka 2020 ikatoa miongozo ya kuitekeleza. Msingi wake ni kwamba mtoto apimwe anapoingia ili shule ijue msaada anaouhitaji, wala ulemavu usiwe sababu ya kumfungia mlango.

Hili linatugusa kwa pande mbili. Mtoto wetu asiye na tatizo anaweza kupewa tatizo la karatasi kwa sababu hakujibu kwa Kiingereza. Lakini yuko na mwingine mwenye tatizo la kweli, labda la kusikia, ambaye husemwa "huyo ni Kiingereza tu, atazoea", na miaka inapita. Kipimo cha haki huwatenganisha hawa wawili, na njia ya kuwatenganisha ni kusikiliza lugha ya nyumbani. Mwongozo wa elimu ya awali wa Uingereza, ambao shule nyingi za mtaala huo hapa Dubai huufuata, unasema wazi: mtoto ambaye Kiingereza chake hakijakomaa, walimu washirikiane na wazazi kuchunguza uwezo wake katika lugha ya nyumbani kabla ya kuamua kama kuna sababu ya wasiwasi. Anayezungumza vizuri kwa Kiswahili hana ugonjwa wa kusema. Ana lugha ya pili ya kujifunza, basi. Anayeshindwa hata kwa Kiswahili apelekwe kwa wataalamu mapema, tena bila haya.

Jibu kwa dada

Kwa hiyo, dada yetu, usimwachishe. Ukimwondolea Kiswahili umemwondolea ushahidi wake pekee. Yule mtoto wa hadithi ya paka hataonekana tena, na atakayebaki ni yule aliyenyamaza dakika kumi.

Tulikaa naye tukaandika ukurasa mmoja: mtoto anasema nini kwa Kiswahili, sentensi zake zina urefu gani, anafuata maagizo mangapi kwa mpigo, anacheza na nani, alishapimwa masikio lini. Tukautafsiri kwa Kiingereza. Shule ya pili aliyokwenda iliusoma, ikamruhusu mama akae chumbani. Mtoto alijenga mnara wa vitofali, ukaanguka, akacheka, akasema maneno matano, mawili ya Kiingereza. Mwalimu aliandika yote, ya lugha zote mbili. Amepata nafasi. Bado ni mnyamavu darasani, na mama bado ana hofu, lakini nyumbani paka anaendelea kuiba samaki kwa Kiswahili.

Chama kimeamua kuanza kazi hii rasmi. Wanachama wanaokaa Deira tutatenga Jumamosi asubuhi, mara mbili kwa mwezi, kuwasaidia wazazi kuandika ukurasa kama ule. Tunawaomba wahadhiri wetu watusaidie kwa jambo moja: orodha ya picha na maneno ambayo mtoto wa Mombasa, wa Unguja, wa Bukavu na wa Dar es Salaam, akiwa na miaka minne, anatarajiwa kuyajua kwa lahaja ya kwao. Bila hiyo, na sisi tutakuwa tunampima mtoto kwa mikono yetu wenyewe.